Kwa nini sauti zetu zimekuwa nyepesi

Tangu majuma machache wengi wenu mnatuuliza jambo moja kwa namna mbalimbali. Kwa nini vipindi tunavyoweka kwenye tovuti havina sauti nene kama ile ya redio? Picha zilienda wapi? Na kwa nini chini ya kila habari kuna faili mbili, wakati zamani ilikuwa moja? Kuna hata waliosema kwamba redio imekosa makuta. Hapana. Tulipunguza uzito kwa kusudi, ili mtu aliye Minova, Sake, Kitchanga ao Kanyabayonga aweze kupakua habari mpaka dakika ya mwisho bila mega zake kuishia njiani. Leo nawaeleza tulivyofanya, maana tovuti hii ni yenu kama ilivyo yetu.

Nianze na sababu. Mawimbi ya FM hayapendi milima. Yanakwenda moja kwa moja, na kilima kikisimama mbele, upande wa nyuma unabaki kimya. Ndiyo maana tangu zamani kuna wasikilizaji wa Masisi na Kalehe wanaotupata vizuri wakipanda shambani, na wakishuka mtoni wanatupoteza. Kisha vita vikatawanya watu. Wakati kambi za pembeni ya Goma zilikuwa zimejaa, simu moja ilitosha kwa mahema mengi: kijana mmoja alipakua kipindi, akafungua sauti yote, majirani wakasogea karibu. Tangu kambi hizo zilipobomolewa mwezi wa pili 2025, jamaa nyingi zimerudi vijijini ao zimehamia tena kwingine, kila moja na kilima chake, kila moja na mtandao wake dhaifu. Sasa kila simu inapakua peke yake. Gharama iliyogawanywa na mahema kumi inatoka kwenye mfuko mmoja.

Mwaka 2024, nilipokuwa Minova kutafuta habari za watu waliotoka Masisi, mama mmoja alinisimamisha sokoni alipojua kwamba ninafanya kazi ya redio. Alikuwa na neno juu ya tovuti yetu. Juma lile tulikuwa tumeweka kipindi cha robo saa, na mwishoni mwake kulikuwa na matangazo ya watoto waliopotezana na wazazi wao njiani. Yeye alikuwa anamtafuta mtoto wa dada yake. Alinunua mega kwa franga alizopata kwa kubebea watu mizigo, akaanza kupakua. Faili ikakatika karibu na mwisho. Akaanza tena, ikakatika. Mara ya tatu mega zikaisha. Aliniambia, bila kupandisha sauti, kwamba redio yetu ilikula unga wa watoto wake na haikumpa hata jina moja. Majina nilimsomea mimi mwenyewe pale pale kwenye daftari. La mtoto wao halikuwamo.

Nilirudi Goma na swali la kazi: mega za yule mama zilikwenda wapi? Mimi si fundi wa kompyuta, nilisoma uandishi wa habari. Lakini kuuliza ndiyo kazi yangu. Basi nilimuuliza kijana anayetusaidia kwa mambo ya mashine, nikaandika majibu yake kama ninavyoandika ya mtu mwingine yeyote.

Tovuti yetu haikai Ulaya wala Marekani. Inakaa ndani ya kompyuta ndogo inayoenea kwenye kiganja, juu ya kabati, katika chumba cha redio. Umeme wake ni kama wa balbu ndogo, kwa hiyo batri ya sola inaiweka hai hata umeme wa mji ukikatika. Iliwekwa pale ili sauti za watu wetu zisitegemee dola za kulipa kila mwezi kwa mtu wa mbali. Hilo ni jambo zuri, lakini lina bei yake.

Bei yenyewe ni hii. Laini ya intaneti ina pande mbili kama barabara: upande wa kushuka na upande wa kupanda. Wanaouza laini hutangaza spidi ya kushuka, kwa sababu wateja wengi wanashusha tu. Lakini msikilizaji anapopakua kipindi chetu, kwake ni kushuka, kwetu ni kupanda. Na upande wa kupanda ndio mwembamba. Tulipoupima tulipata kama megabiti 2 kwa sekunde. Angalieni vizuri neno hilo: megabiti si mega mnazonunua. Mega mnazonunua ni megabaiti, na baiti moja ina biti 8. Kwa hiyo megabiti 2 ni robo tu ya megabaiti kwa sekunde.

Sasa tupige hesabu pamoja. Kipindi cha robo saa kilichohifadhiwa kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde kina uzito wa megabaiti 14 na nusu hivi. Mtu mmoja akikipakua peke yake, laini yetu inakitoa kwa dakika moja. Watu 20 wakikitaka kwa wakati mmoja, kama inavyotokea asubuhi kukiwa na habari ya usalama, wanagawana barabara ile ile, na kila mmoja anangoja karibu dakika 20. Katika dakika 20, ni nani kati yenu ambaye mtandao wake haukatiki hata mara moja?

Ofisini hatukuona kitu. Simu zetu zilikuwa kwenye Wi-Fi ya chumba kile kile, hatua tatu kutoka kwenye kompyuta, na kurasa zilifunguka mara moja. Ndiyo maana siku hizi hatupimi tena kutoka ofisini. Kila mwandishi akienda vijijini anapima na simu ya bei ndogo, kwa mega alizonunua kama mtu mwingine, anaandika saa na mahali.

Wengi walitushauri tununue laini nene zaidi. Ni wazo la kwanza la kila mtu, na tungekuwa na makuta pengine tungelifanya. Lakini nilipomkumbuka mama wa Minova niliona halifiki kwake. Laini nene kwetu haikuzi mtandao wa simu yake. Na hata faili ingefika haraka kama umeme, bado ingemlipisha megabaiti 14 na nusu. Kwa msikilizaji wetu, spidi na bei ni jambo moja: vyote viwili vinatoka kwenye uzito wa kitu tunachomtumia. Na uzito huo hauamuliwi na kampuni yoyote ya simu. Unaamuliwa na sisi.

Tulianza na sauti. Stereo ni njia mbili za sauti, moja ya sikio la kushoto, moja ya kulia. Inafaa kwa muziki. Lakini mtu anayesoma habari ana kinywa kimoja, na simu nyingi zina spika moja. Tukabaki na njia moja. Kisha tukashusha kiwango kutoka kilobiti 128 mpaka 32 kwa sekunde. Maneno yanasikika yote. Kinachopungua ni ule unene wa sauti, na hilo ndilo masikio yenu yaligundua. Robo saa ile ile sasa ni megabaiti 3 na nusu na kitu kidogo. Wale watu 20 wa asubuhi wanaimaliza chini ya dakika 5, na kila mmoja anabaki na karibu megabaiti 11 za kumpigia mtu wake kwa WhatsApp.

Faili ya pili mnayoiona, ile tunayoiita nyepesi zaidi, imehifadhiwa kwa namna inayoitwa Opus. Si kitu kigeni kwenu: Opus ndiyo inayobeba sauti mnazorekodi na kutumiana kwenye WhatsApp. Ilipitishwa kuwa kanuni ya intaneti mwaka 2012, na inaweza kubana sauti ya mtu kuliko MP3 bila kuiharibu. Kwa kilobiti 16 kwa sekunde, robo saa inashuka chini ya megabaiti 2. Kwa nini basi tusiweke hiyo peke yake? Kwa sababu simu nyingi ndogo za vitufe haziwezi kuisoma, na simu hizo ndizo ziko mikononi mwa wazee wengi vijijini. Mwenye Android aichukue ile nyepesi zaidi. Mwenye simu ya vitufe achukue MP3. Hatutaki kumwacha mmoja nje ili mwingine apite haraka.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi, kwa sababu lilieleza mara tatu za yule mama. Kwa kawaida faili ikikatika katikati, simu inaweza kuiambia kompyuta yetu: nimekwisha kupata mpaka hapa, nipe iliyobaki. Nginx, programu inayogawa kurasa zetu, inaelewa ombi hilo bila kufundishwa. Lakini mbele ya vipindi vyetu palikuwa pamewekwa programu nyingine ndogo, ya kuhesabu ni watu wangapi wamepakua. Programu ile haikuelewa ombi la kuendelea. Kila mara ilianza kutoa faili tangu mwanzo, kama mtu anayesimulia hadithi, na ukimkatiza anarudi kwenye neno la kwanza. Aliyefika megabaiti 12 akakatika, alilipa zile 12, kisha akazilipa tena. Na hesabu yetu ilimwandika kama wasikilizaji wawili.

Tuliitoa programu ile. Sasa faili zinatoka moja kwa moja, na hesabu tunaifanya jioni kwenye daftari ambalo Nginx yenyewe inaandika. Kazi hiyo ilichukua chini ya saa moja na haikugharimu hata franga. Nawaambia wenzangu wa redio nyingine za jimbo: kabla ya kutafuta mfadhili wa laini mpya, jaribuni kukata faili yenu katikati, kisha muone kama inaendelea ao inaanza upya.

Tatu, picha. Picha moja ya simu ya kisasa ina upana wa pikseli 4,000 hivi na uzito wa megabaiti 3 ao 4. Kioo cha simu yako hakihitaji hata robo ya upana huo. Tukiipunguza mpaka pikseli 640, inabaki kama kilobaiti 50, na uso wa mtu unatambulikana. Kwa hiyo picha zipo bado, lakini ni moja kwa habari, na tena pale tu inapoleta kitu ambacho maneno hayawezi kuleta.

Na matangazo ya mamlaka hatuyaweki tena kama picha ya karatasi. Mnakumbuka mwaka 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano, na siku tano baadaye ikatoka amri kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame. Watu wakaenda Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu, wengine wakavuka mpaka. Usiku kama ule kila mtu anataka kujua jambo moja: mtaa wangu umo ao haumo? Picha ya karatasi yenye muhuri na sahihi inaweza kuwa na megabaiti 2 ao 3. Mtandao ukiwa unapitisha kilobaiti 10 kwa sekunde, hiyo ni dakika tatu mpaka tano za kungoja mlangoni na watoto mgongoni. Majina ya mitaa 10 yakiandikwa kwa herufi hayafiki hata kilobaiti 1. Yanafika kabla hujamaliza kufunga mlango. Mwandishi wa habari anayechukua dakika chache kuandika upya karatasi ile anaokoa dakika za maelfu ya watu.

Maandishi tunayabana tena kabla hayajatoka, na simu inayafungua yenyewe bila wewe kujua. Ukurasa wa maneno mara nyingi unabaki theluthi ao robo ya uzito wake. Sauti hatuzipitishi huko, kwa sababu MP3 na Opus zimekwisha kubanwa. Ni kama kukamua nguo iliyokwisha kukamuliwa, hakuna tone linalotoka. Na nembo ya redio, ambayo haibadiliki, tunaiambia simu yako iitunze kwa siku 30, ili usiilipie kila asubuhi.

Lakini nikiulizwa ni badiliko gani lilisaidia kupita yote, sitataja mashine. Nitataja namna tunavyopanga habari. Zamani kipindi kilikuwa mzigo mmoja: salamu, muziki, siasa, bei za soko, na mwishoni kabisa matangazo ya jamaa. Kwenye redio hilo halimchoshi mtu, sababu kusikiliza ni bure. Kwenye tovuti, mama anayetafuta jina moja alilazimika kulipia siasa yote kwanza. Sasa matangazo ya watoto na wazazi yanatoka peke yake, faili ya dakika tatu, yaani kilobaiti 720 kwa MP3. Haifiki mega moja. Majina yenyewe yameandikwa pia kwenye ukurasa, kwa anayeweza kusoma. Na kila faili ina jina linalosema tarehe na kilichomo, ili mtu asipakue ya jana akidhani ni ya leo. Faili ambayo hukuhitaji kuipakua ndiyo inayokwenda haraka kuliko zote.

Nimesema kompyuta ndogo kukaa kwetu kuna bei. Kuna faida pia. Mwezi wa kwanza 2025, vita vilipofika Goma, umeme na maji vilikatika, na mji ukakaa siku nyingi bila kujua kinachotokea mtaa wa pili. Siku za namna hiyo, tovuti iliyo Ulaya inabaki hai Ulaya, lakini hapa hakuna anayeifikia. Kompyuta iliyo juu ya kabati, ikiwa na batri, inaendelea kutoa faili kwa Wi-Fi yake kwa yeyote anayesimama uani, hata laini ya nje ikiwa imekufa kabisa. Wi-Fi ya chumba haihitaji intaneti, inahitaji umeme kidogo tu. Kwa hiyo tumefungua Wi-Fi hiyo kwa wote: anayefika kwenye uwanja wa redio anachukua vipindi vya juma zima bila kutumia hata mega moja. Akina mama wafanyabiashara wanachukua kabla ya kupanda boti ya Minova. Vijana wa pikipiki wanaweka kwenye kadi memori na kuzigawa kwa Bluetooth wakifika. Uzito mdogo unasaidia hapo pia: kadi moja ya gigabaiti 1 inabeba vipindi vya robo saa zaidi ya 250.

Kuna kilichopotea, sitaficha. Nyimbo za kwaya za Jumapili zinapendeza kwa unene wake, na kwa kilobiti 32 ngoma zinasikika kama zinapigwa ndani ya ndoo. Wazee wawili walikuja ofisini kulalamika, na wana haki. Tumekubaliana hivi: kwaya inabaki na faili nzito pembeni, imeandikwa uzito wake, na anayeitaka aichukue uwanjani kwa Wi-Fi. Habari na matangazo yatabaki mepesi.

Basi ombi langu kwenu. Faili ikikatika, usiifute wala usianze upya. Fungua orodha ya vilivyopakuliwa kwenye simu yako, bonyeza kuendelea, itachukua pale ilipoachia. Angalia uzito tuliouandika mbele ya kila faili kabla ya kubonyeza. Na ukiwa kijijini, mwambie mwandishi wetu anayepita kwenu mambo matatu: uko mahali gani, ulipakua saa ngapi, na ilichukua dakika ngapi. Tayari tunajua kwamba saa kumi na moja asubuhi, kabla watu wengi hawajaamka, mambo yanakwenda vizuri kuliko saa moja, na ndiyo maana matangazo ya jamaa sasa tunayaweka usiku. Hatujajua bado ni vilima gani ambavyo hata kilobaiti 720 haziviki. Huko itabidi tupeleke majina kwa kadi, kwa pikipiki ao kwa miguu, na tunataka kuanza juma lijalo.